Tumbo linanguruma: lisikilizwe, upulize, au upeleke choo maabara?

Anayefunga Ramadhani anaijua ile sauti ya saa tisa alasiri. Tumbo linatoa mngurumo mrefu, linanyamaza, halafu baada ya saa moja na nusu au mbili linarudia. Tunasema tumbo tupu linalia njaa. Kinachoendelea mle ndani ni usafi: chakula kikishaisha, misuli ya tumbo na utumbo mwembamba huanzisha wimbi la kubana linalofagia masalia, maji na hewa kuelekea chini, na wimbi hilo hurudi kila dakika 90 hadi 120 hivi mpaka ule tena. Hewa na maji vikisukumwa pamoja kwenye bomba jembamba, kelele lazima itoke.

Naanzia hapo kwa sababu sauti hiyohiyo ndiyo inayouzia watu dawa. Pita kwenye stendi ya mabasi Tanzania, utasikia kipaza sauti: "Je, tumbo linanguruma? Kiuno kinauma? Unapata choo kama cha mbuzi? Hiyo ni ngiri!" Choo kama cha mbuzi kipo kweli, na Waingereza wamekipa hadi namba. Kwenye chati ya Bristol iliyochapishwa mwaka 1997, inayogawa choo katika aina 7, vipande vigumu vilivyotengana ndiyo aina ya kwanza, na maana yake ni kwamba mzigo umekaa siku nyingi kwenye utumbo mpana ukanyonywa maji. Muuza dawa ameona sawasawa. Jina ndilo alilokosea. Ngiri ya hospitali ni utumbo au mafuta ya ndani kupenya kwenye upenyo wa misuli, kinenani au kitovuni, na mara nyingi uvimbe wake unauona kwa macho yako mwenyewe.

Sasa, mtu ana tumbo lisilotulia na hataki kumezeshwa mpira wenye kamera. Achague nini? Kuna kusikilizwa kwa stethoskopu, kuna mashine mpya za kurekodi sauti za tumbo, kuna kupuliza pumzi, kuna kupeleka choo maabara, na kuna altrasaundi. Msimamo wangu nautoa mapema ili usisome ukingoja: sauti ni shahidi mzuri wa mwendo wa utumbo na shahidi mbovu wa mengine yote. Kidonda hakipigi kelele, wala saratani inayoanza.

Sikio la daktari

Daktari Mfaransa René Laennec alikunja karatasi ikawa bomba, Paris, mwaka 1816, ili asikilize kifua cha mgonjwa, na stethoskopu ikazaliwa. Tumbo lilisubiri sana. Mwaka 1905 ndipo Walter Cannon wa Harvard alipochapisha maelezo ya sauti za tumbo na utumbo na mahadhi yake. Mwanafunzi wa udaktari wa leo hufundishwa atazame tumbo, asikilize, ndipo agonge na kubonyeza; akianza kubonyeza anaweza kuuamsha utumbo ukampa milio ambayo haikuwepo.

Shida ni kwamba kawaida ya tumbo ni pana mno. Vitabu vinakubali milio 5 hadi 30 na ushei kwa dakika kuwa ni hali njema. Aliyekunywa uji sasa hivi na ambaye hajatia kitu mdomoni tangu jana wote hawana ugonjwa, na matumbo yao hayafanani hata kidogo. Mwaka 2014 lilichapishwa jaribio la Marekani ambamo madaktari walisikilizishwa rekodi za matumbo ya watu wenye afya, ya walioziba utumbo, na ya wale ambao utumbo ulikuwa umelala baada ya upasuaji, bila kuambiwa ipi ni ya nani. Majibu sahihi hayakufika nusu.

Hata hivyo mtu asiitupe stethoskopu, maana kuna mahali inaokoa. Homa ya matumbo isiyotibiwa inaweza kutoboa utumbo mwembamba. Uchafu ukimwagikia nje ya utumbo, tumbo hukaza kama ubao na kuwa kimya. Utumbo mpana ukijisokota, jambo ambalo madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki wanalijua vizuri, tumbo hujaa kama ngoma, mgonjwa hatoi choo wala upepo, na mwanzoni milio huweza kuwa mikali, kama matone yanayodondokea sufuria tupu. Hapo sauti inaungana na macho, mikono na maelezo ya mgonjwa, na hakuna tena cha kuchagua. Ni hospitali yenye chumba cha upasuaji, usiku huohuo.

Waliojifungua kwa upasuaji watakumbuka swali la nesi asubuhi: "Mama, umetoa upepo?" Swali hilo la aibu ni kipimo kizuri kuliko chombo cha masikioni. Mlio uliosikika karibu na kitovu unathibitisha kwamba kipande kimoja cha utumbo kimetikisika. Upepo uliotoka nje unathibitisha kwamba njia nzima imefunguka. Kiswahili kina kujamba na kina kushuta, la kelele na la kimya. Wodini yote mawili yanapokelewa kwa shukrani.

Mashine zinazosikiliza badala ya sikio

Sikio la mtu husikiliza dakika moja, tena daktari akiwa na foleni nje. Kompyuta inaweza kusikiliza saa nzima bila kuchoka, na hapo ndipo watafiti walipoona mwanya. Ziko njia mbili ambazo nadhani zinafaa kutazamwa bega kwa bega, kwa sababu zinauliza maswali tofauti.

Ya kwanza ilitengenezwa na kundi la Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, likiongozwa na Brennan Spiegel. Ni vikombe vidogo vya plastiki vyenye maikrofoni, vinabandikwa juu ya ngozi ya tumbo, vinahesabu mara ngapi utumbo unajikunja, kisha vinatupwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba hesabu hiyo inaweza kuwatenganisha wagonjwa ambao utumbo umelala baada ya upasuaji na wale wanaostahimili chakula. Swali lake ni finyu: utumbo umeamka au bado? Kwa sababu ni finyu, jibu lake linaaminika zaidi.

Ya pili ina tamaa kubwa. Barry Marshall wa Australia Magharibi ndiye yule aliyekunywa bakteria wa H. pylori mwaka 1984 ili kuthibitisha kwamba wanaharibu tumbo, akaja kupata Nobel mwaka 2005 pamoja na Robin Warren. Baadaye kundi lake liligeukia milio. Wazo lilitokana na vifaa vya kunasa sauti za mchwa wanaotafuna mbao ndani ya kuta, na mtu aliyewahi kulaza sikio kwenye nguzo ya nyumba iliyoliwa na mchwa ataelewa mara moja. Walitengeneza mkanda wenye vinasa sauti, wakarekodi watu kabla na baada ya kula, wakaifundisha kompyuta kuwatambua wenye IBS. Hiyo ni ile hali ya utumbo usio na kidonda wala uvimbe lakini unauma, unajaa, leo unafunga choo, kesho unaharisha. Katika utafiti wao wa mwaka 2019, kompyuta ilipopewa watu wapya, 15 wenye IBS na 15 wenye afya, ilipatia asilimia 87 pande zote mbili.

Asilimia 87 inavutia, lakini tazama ni nani waliowekwa kwenye mizani. Kumtenga mgonjwa na mwenye afya ni kazi nyepesi. Mwenye afya hata haendi hospitali. Kazi ya daktari wa Mwanza au Kisumu ni kumtenga mwenye IBS na mwenye kichocho cha tumbo, mwenye amiba, mwenye giardia (kijidudu kingine cha utumbo), na mwenye uvimbe wa utumbo unaohitaji dawa za maisha. Watu 30 hawatoshi kujibu hilo. Kwa hiyo mkanda huo ninauweka kwenye fungu la "unatia matumaini, usiuuzie ng'ombe".

Kuhusu programu za simu zinazodai kusoma tumbo ukiilaza simu kitovuni sina maneno mengi. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya sauti ya mdomo, na pale itanasa pumzi, mapigo ya moyo na msuguano wa nguo pamoja na tumbo.

Tena kwa IBS kipimo cha bure kipo, nacho ni maswali. Vigezo vinavyoitwa vya Roma, toleo la mwaka 2016, vinauliza hivi: je, tumbo limeuma kwa wastani angalau siku moja kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, hali yenyewe ikiwa imeanza miezi 6 nyuma au zaidi? Na je, maumivu hayo yanaambatana na angalau mambo mawili kati ya haya: kwenda choo, kubadilika kwa idadi ya safari za chooni, kubadilika kwa umbo la choo? Daktari anayekupa dakika 15 za kuuliza hayo, akahakikisha huna dalili za hatari, amefanya kazi ambayo mkanda bado unajifunza.

Pumzi na choo

Hapa ndipo ningeweka pesa yangu, na ninasema hivyo baada ya kuitupa kwanza mahali pengine.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na kiungulia, kubeua kusikoisha, na tumbo linalonguruma hadi abiria wa pembeni kwenye daladala ananitazama. Nilikwenda zahanati moja, nikatobolewa kidole, dakika 10 nikaambiwa nina bakteria wa vidonda vya tumbo. Nikameza dozi. Baada ya miezi mitatu nikarudi, nikatobolewa tena, jibu lilelile, nikaandikiwa dozi nyingine. Hakuna aliyenieleza kwamba kipimo kile cha damu hutafuta askari wa mwili walioundwa kupigana na H. pylori, na askari hao hubaki kwenye damu muda mrefu baada ya vita kwisha. Kipimo hakikuwa kinadanganya. Kilikuwa kinasimulia historia. Kwa kujua kama bakteria wapo leo, na hasa kwa kujua kama dawa imewamaliza, kipimo cha damu hakifai.

Vinavyofaa ni viwili. Cha pumzi unakunywa yurea yenye kaboni maalumu; bakteria wakiwepo wanaivunja, kaboni inapanda mapafuni, na unaipuliza kwenye mfuko. Kinachotumia kaboni 13 hakina mionzi, hivyo hata watoto wanapimwa. Cha kaboni 14 kina mionzi kidogo, na mjamzito hapewi. Ni kipimo kizuri sana, tatizo ni kukipata nje ya miji mikubwa. Cha choo kinatafuta antijeni, yaani vipande vya bakteria wenyewe, kinakaribia cha pumzi kwa uhakika, na maabara nyingi zaidi zinakimudu. Mimi ningechagua cha choo, na kinyaa nikakiacha nyumbani.

Ila vyote viwili vinaharibiwa na jambo moja dogo ambalo mapokezi hawaulizi. Omeprazole na ndugu zake, dawa zinazopunguza asidi inayotengenezwa tumboni, huwafanya bakteria wajifiche. Ziache wiki 2 kabla ya kupima, na uwe hujatumia antibiotiki kwa wiki 4. Ukipima ukiwa katikati ya dozi ukaambiwa "huna kitu", hujapimwa. Na kama kuacha dawa kunakutia maumivu makali au una historia ya kutapika damu, zungumza na daktari kwanza. Usiziache kwa sababu umesoma hapa.

Choo kina majibu mengine pia. Darubini huona mayai ya minyoo, amiba na giardia, na giardia ni bingwa wa kunguruma, gesi na ushuzi wenye harufu ya yai viza. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, kichocho cha tumbo hutafutwa kwa njia inayoitwa Kato-Katz, ambapo kiasi kidogo cha choo hutandazwa kwenye kioo na mayai yakahesabiwa. Mayai hayatoki sawa kila siku, kwa hiyo sampuli moja safi haikuhakikishii kitu. Peleka ya siku mbili au tatu. Kisha kuna kalprotektini, protini inayomwagika kwenye choo utumbo ukiwa na uvimbe wa kweli. Ikiwa chini, chini ya mikrogramu 50 kwa kila gramu ya choo kwa kawaida ya maabara nyingi, IBS inakuwa jibu linalowezekana zaidi na kamera inaweza kusubiri. Ikipanda, usikimbilie kuogopa: maambukizi huipandisha, na vidonge vya maumivu kama diclofenac na ibuprofen huipandisha vilevile. Mwisho ni kipimo cha damu isiyoonekana kwa macho. Kile cha kisasa, kinachotafuta himoglobini ya binadamu peke yake, Uingereza inakitumia kuamua nani apelekwe haraka kwenye kamera ya utumbo mpana. Hakioni vizuri damu ya kidonda cha juu, kwa sababu njiani himoglobini hiyo inameng'enywa kama nyama nyingine yoyote.

Kipimo kingine cha pumzi ni cha haidrojeni. Unakunywa laktosi, sukari ya maziwa, halafu unapuliza kila baada ya muda kwa saa tatu hivi. Utumbo mwembamba ukishindwa kuivunja sukari hiyo, bakteria wa utumbo mpana wanaichachusha, haidrojeni inaingia kwenye damu na kutokea mapafuni. Wakati huohuo tumbo linapiga ngoma. Hiki nitakirudia.

Altrasaundi

Hii nayo ni sauti, ila sauti tusiyoisikia, inayorushwa na kurudi kama mwangwi. Kwa mawe ya nyongo, jipu la ini, na mtoto ambaye utumbo umeingia ndani ya utumbo, ni nzuri sana. Kwa vidonda vya tumbo, hapana. Gesi huizuia, na kidonda chenyewe ni shimo dogo kwenye ukuta wa ndani. Nimekutana na watu wenye altrasaundi tatu za "vidonda", zote safi, na maumivu yako palepale. Wangenunua kipimo kimoja cha choo.

Ni lini kamera haikwepeki

Kuna dalili ambazo zinafuta ulinganisho wote huu. Chakula kinachokwama kooni, hasa kama kilianza na ugali kikafikia uji: magharibi ya Kenya, kama Bomet, na sehemu za Tanzania na Malawi ziko kwenye ukanda wa saratani ya umio, na hakuna mlio wala pumzi itakayoiona. Choo cheusi kinachong'aa kama lami, isipokuwa kama unameza vidonge vya madini ya chuma, ambavyo huweusisha choo cha wajawazito bila ubaya. Damu nyekundu, kupungua uzito bila kukusudia, upungufu wa damu usioelezeka, kutapika kusikokoma, kuamshwa usiku na kuharisha, au tabia ya choo kubadilika ghafla ukiwa umevuka miaka 50. Mwenye mojawapo ya hizi akimbilie kwa daktari, na akiambiwa mpira, ameze mpira.

Asiye nazo ana nafasi ya kuchagua, na ningemshauri ajiulize anataka kujua nini hasa. Kiungulia na maumivu ya chembe ya moyo: choo cha antijeni, dawa zikiwa zimeachwa. Kuharisha na kunguruma baada ya safari au maji ya mashaka: darubini, sampuli zaidi ya moja. Tumbo la miaka mingi linalofunga na kufungua: maswali ya Roma, kalprotektini ikipatikana. Maumivu upande wa kulia chini ya mbavu baada ya pilau yenye mafuta: altrasaundi, ukiwa hujala saa 6 hadi 8. Anayetaka kupimwa kwa mkanda wa milio asubiri, au ajitolee kwenye utafiti.

Na mimi? Kipimo cha choo kilisema bakteria walishakwisha. Kunguruma kukabaki. Mashine ya haidrojeni sikuipata, nikafanya cha maskini: wiki mbili bila maziwa yoyote, halafu asubuhi moja nikanywa glasi kubwa ya maziwa fresh, tumbo likiwa tupu. Kabla ya adhuhuri jirani angeweza kunisikia ukutani. Mwaka 2007 kundi la mtafiti wa vinasaba Sarah Tishkoff lilichapisha utafiti uliohusisha makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, likaonyesha kwamba wafugaji wengi wa huku wana badiliko la vinasaba linalowaruhusu kumeng'enya maziwa hadi ukubwani. Mimi ni mtu wa Tanga, wa samaki na nazi. Shemeji yangu ni Mmasai. Anamaliza kibuyu na tumbo lake halisemi neno, huku mimi nimepewa mgando, ambao bakteria wameshakula sukari yake kiasi, na siku hizi nasafiri kwenye daladala bila kutazamwa.